Kinyozi Asiyechukua Kitu

Thuo ana miaka thelathini, ananyoa watu katika chumba kimoja nyuma ya maduka ya nguo hapa Eldoret mjini, na ndiye mchezaji mbaya zaidi niliyewahi kukaa naye mbele ya televisheni. Nasema hivyo kwa upendo. Ana vidole vyepesi na macho makali, na anaweza kumshughulikia mzee mwenye vipele shingoni kwa dakika arobaini bila kumtoa hata tone la damu. Lakini mpe mchezo wa video ambao dunia imekwisha na waliobaki wanaishi kwa kuokoteza, na mtu wake atakufa njaa kabla ya siku ya tatu. Anakufa akiwa amesimama mlangoni pa nyumba iliyojaa mikebe ya maharagwe. Ukimuuliza kwa nini hakuingia kuchukua, anakuambia ataingia kesho.

Mimi naitwa Kipkemboi, mwalimu wa Jiografia katika shule moja upande wa Turbo. Nilikwenda kunyolewa kwa Thuo miaka minane iliyopita, nikamkuta na mashine ya kuchezea aliyoinunua mitumba, nikakaa hadi jioni. Tangu hapo Jumapili zangu baada ya kanisa ni zake. Nina ndugu wawili wa tumbo moja ambao sijawahi kuwaambia nusu ya yale niliyomwambia kinyozi huyu. Kwa hiyo ninaposema kwamba mwaka huu nilikaribia kumpoteza, na kwamba kosa lilikuwa langu, ujue sizungumzii michezo tu. Ila ilianza kwa michezo, na itabidi univumilie kidogo.

Tuna chaneli yetu mtandaoni. Yeye anacheza, mimi naongea. Wafuasi wetu ni elfu moja na mia tisa, baadhi yao wanafunzi wangu waliojipa majina ya uongo wakidhani sitawatambua kwa makosa yao ya Kiingereza. Mwezi wa pili tuliwaahidi ulinganisho wa michezo miwili ya dunia iliyokwisha, ile ambayo unajitengenezea mtu wako, unachagua maneno yake, na unaishi maisha yake hadi yamshinde. Majina yake ya Kiingereza ni marefu kupita kiasi. Sisi tuliiita Jivu na Kisima.

Jivu ni kubwa na inapendeza kwa namna ya kuogofya. Moto ulishuka kutoka juu, miji ikaungua, na wewe unatembea humo miaka ishirini baadaye. Ukungu unatembea pia. Upepo unapita kwenye madirisha na unasikia tofauti ya dirisha lenye kioo na lisilo nacho. Kuna redio inayoendelea kusoma bei ya mahindi katika nyumba isiyo na mtu. Kila nyumba ina vitanda, picha ukutani, viatu vya watoto, na hapa na pale mifupa ya watu wawili waliolala wakiwa wamekumbatiana. Waliotengeneza mchezo huo hawakubahatisha. Nilipouona mara ya kwanza nilinyamaza kabisa, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Kisima ni kinyume chake. Miti yake inafanana na sukuma wiki. Watu arobaini hivi wanaishi karibu na kisima kimoja baada ya mito kukauka, na nyuso zao zimechorwa na mtu aliyekuwa na haraka. Ila watu hao wanakumbuka. Ukichukua ndoo ya mtu, kesho yake mkewe hakusalimii, na wiki inayofuata mtoto wake anakukwepa njiani. Mchezo haukuambii kitu. Hakuna kengele wala maandishi mekundu. Unaona tu kwamba husalimiwi.

Mimi nilikuwa nimeshatoa alama. Mwalimu ni mwalimu. Kwa hisia ya mahali, Jivu tisa kwa kumi, Kisima nne, na hiyo nne ni huruma. Thuo alikataa kutoa alama. Kila nilipomuuliza alisema hajui, na kila alipocheza Jivu alifanya mambo mawili yaliyonichanganya.

La kwanza ni kwamba kila mtu wake alipofika mlangoni, Thuo mwenyewe, pale kwenye kiti chake cha kunyolea, alisema kwa sauti, "Hodi!" Alisema hivyo kwenye nyumba za mifupa. Wafuasi wetu walilipenda jambo hilo kupita kiasi. Walijaza hodi kwenye maoni, na mmoja alituomba tuliandike kwenye fulana. Nilidhani ni mzaha, nikamsifu.

La pili lilikuwa malalamiko yake kuhusu mabati.

"Hii kitu imetengenezwa vibaya, Kip," aliniambia siku moja huku tunarekodi. "Ona hizo nyumba. Bado ziko na mabati."

"Na shida iko wapi?"

"Watu wakitoroka, mabati ndiyo inaenda ya kwanza. Halafu milango. Halafu madirisha, hata fremu. Kitanda ndiyo inabaki mwisho, juu ya uzito. Hawa walisahau mabati miaka ishirini?"

Nilicheka, nikaandika kwenye daftari langu kwamba Thuo ana jicho la ujenzi. Miaka minane ya urafiki, mtu ananieleza kwa mpangilio jinsi nyumba iliyokimbiwa inavyobomolewa, na sikumuuliza alijuaje. Thuo ni Mkikuyu, mimi ni Mkalenjin, sote wawili tulikuwa na miaka kumi na miwili mwaka wa 2008, makabila yetu yalipopigana baada ya uchaguzi, na sote tunaishi Eldoret. Mji huu una mambo ambayo watu wa rika letu wamezoea kuyazunguka. Nami niliyazunguka huku nikicheka, tena mbele ya kamera.

Sasa, katika Jivu kuna mahali huwezi kupita bila dawa. Dawa iko kwenye sanduku chini ya kitanda, kitanda kiko katika nyumba yenye mlango wa kijani. Hakuna njia nyingine, nilitafuta. Tulifika hapo Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu. Thuo alisema hodi, akasimamisha mtu wake mlangoni, na hapo akabaki. Dakika tano. Dakika nane. Mimi nilikuwa naongea peke yangu kujaza nafasi, nikaongea kuhusu ukungu hadi ukungu wenyewe ukaniisha mdomoni. Dakika ya kumi na moja nikashindwa.

"Chukua bana!" nikapiga kelele. "Kwani unaogopa nani? Wenyewe walishaenda!"

Thuo akaweka padi ya kuchezea chini polepole. Akazima televisheni. Akachukua mashine ya kunyolea, akaanza kuipiga brashi na kuipaka spiriti, ingawa haikuwa imemnyoa mtu siku hiyo nzima.

"Kip," akasema bila kunitazama, "enda nyumbani."

Nilikwenda. Nilidhani ni hasira ya kupoa kesho. Kesho yake hakupokea simu. Siku ya tatu nilipita pale, nikamkuta anamnyoa mteja, akanisalimia vizuri sana, kwa adabu, vile unavyomsalimia mtu anayekuja kusoma mita ya stima. Adabu hiyo ilinikata kuliko tusi. Wiki mbili zikapita. Nilirudia video ile mara nyingi nikitafuta kosa langu, na kila mara nilimsikia mtu mmoja tu mpumbavu akipiga kelele, nami sikuelewa upumbavu wake ulikuwa wapi.

Jumamosi ya pili nilienda kijijini kwetu, Ziwa, kumwona mama. Mama ni mjane, ana ng'ombe watatu wa maziwa na maoni kuhusu kila mtu aliye kanisani kwake. Nilimkuta sebuleni anachagua maharagwe kwenye ungo. Nikakaa kwenye kiti cha marehemu baba, nikatazama mbele, na mbele yangu kulikuwa na kabati.

Kabati hilo nimekua nalo. Ni la mbao nyekundu, lina vioo viwili vya kusukuma na droo mbili chini. Mama amelifunika kitambaa cha kufumwa, na ndani yake kuna vyombo vya maua ya buluu ambavyo hatujawahi kulia chakula. Kila Desemba anavitoa, anavisugua, anavirudisha. Tukiwa watoto tuliambiwa ni vya wageni. Wageni walikuja, maaskofu walikuja, wakapewa chai kwenye vikombe vya plastiki. Nilikuwa nimelitazama kabati hilo maisha yangu yote, na siku hiyo ndipo nilipokumbuka kwamba nililiona likifika. Lilifika asubuhi, juu ya trela ya trekta, mwezi wa kwanza mwaka ule wa 2008, na baba hakusema neno alipolishusha.

"Mama," nikasema, "hili kabati baba alilinunua wapi?" Tunaongea Kikalenjin nyumbani, lakini maana ni hiyo.

Aliendelea kuchagua maharagwe. "Baba yako hakulinunua."

"Alilitoa wapi?"

"Lilikuwa limesimama nje, uani, pale barabarani ambapo kulikuwa na zile nyumba. Walikuwa wamelitoa ili wabebe, wakashindwa. Nyumba ilikuwa inaungua. Lingeungua nalo." Akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Wenyewe walishaenda."

Yalikuwa maneno yangu yale yale, katika lugha nyingine, na mama aliyatamka kwa upole kabisa.

"Kwa hiyo baba alilihifadhi au aliliiba?"

"Wewe ndiye mwalimu," mama akasema. "Niambie. Siku ile alisema anawahifadhia. Mwaka wa kwanza alisema hivyo, mwaka wa pili pia. Mwaka wa tatu akaacha kusema, nami sikumuuliza." Hakuwa na hasira. "Ningelipeleka wapi? Nisimame sokoni niulize nani alipoteza kabati?"

"Mlijua ni la nani?"

"La mama mmoja Mkikuyu aliyeuza mboga barabarani. Tulimwita Mama Waiyego kwa sababu ya binti yake. Alikuwa na kijana pia, wa rika lako. Jina la huyo kijana sikuwahi kulijua."

Nilitaka kumlaumu, sikuweza. Nilitaka kumtetea, sikuweza pia. Nilibaki nimekaa pale na kichwa kizito, nikishangaa kwamba mtu anaweza kuosha sahani za mwingine kwa miaka kumi na minane na mtoto wake asiweze kusema hilo ni jambo jema au baya. Mwishoni nilimsaidia kuchagua maharagwe.

Jambo moja tu niliamini nimelielewa. Thuo alikuwa mmoja wa waliokimbia. Kwao nako kuliachwa kitu uani, mtu akakichukua, na mimi, ambaye nimekua nikitazama kabati la watu, nilimpigia kelele kwamba wenyewe walishaenda. Kwangu hesabu ilikuwa kamili. Nikaamua kwenda kukiri.

Jumatatu jioni mvua ilinyesha na chumba cha Thuo hakikuwa na wateja. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti, kwa sababu sikujua niseme nini nikiwa nimesimama. Thuo akanifunga kitambaa shingoni kama mteja yeyote. Sishauri mtu kukiri akiwa na wembe nyuma ya sikio, lakini nilikiri. Nikamweleza yote: trela, sahani, Mama Waiyego, baba. Nikamwomba msamaha kwa niaba ya familia yetu, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani na ambayo yalisikika kama hotuba ya mkuu wa wilaya.

Thuo alimaliza kwanza kunyoa upande wa kushoto.

"Sisi hatukuibiwa kitu," akasema. "Hatukuwa na kitu. Chumba ilikuwa ya kukodi, na vitanda mbili za mwenye nyumba."

Nikamtazama kwenye kioo. "Basi ni nini?"

"Ni mimi nilichukua."

Akaweka wembe chini. Alinieleza akiwa amesimama nyuma yangu, akiongea na kioo.

Walikuwa wakienda kwa miguu hadi showground, uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambako watu walikuwa wakikusanyika: yeye, mama yake Njambi, na dada yake mdogo mgongoni, wa miezi minne. Kulikuwa na baridi ile ya hapa ya asubuhi, na mtoto alikuwa amefungwa leso moja tu. Wakapita nyumba ambayo mlango wake ulikuwa wazi. Mama yake akamwambia aingie atafute chochote cha kumfunika mtoto.

"Sikubisha," Thuo akasema. "Nilijua hakuna mtu. Mtaa yote ilikuwa imenyamaza. Nikaingia, nikaona kitanda, nikavuta blanketi." Akasita. "Kulikuwa na mtu chini yake. Nyanya mmoja, mzee kabisa. Walimwacha, ama alikataa kwenda, sijui. Akaniangalia tu. Hakupiga kelele. Alivuta miguu yake, hivi, pole pole, ndio blanketi isikwame."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati juu yetu. Nilikuwa na nywele upande mmoja wa kichwa.

"Nikakimbia nayo. Mama akauliza kama kuna watu ndani, nikasema hakuna. Dadangu alilala kwa hiyo blanketi miezi sita pale showground. Saa hii anasomea unesi Kisumu. Kama ni juu ya hiyo blanketi yuko hai, sijui. Pengine angeishi tu. Na nyanya sijui ilikuwaje. Sijawahi kujua."

"Alikuwa wa kabila gani?" nikauliza. Aibu yangu kwa swali hilo bado haijaisha.

"Alikuwa nyanya," Thuo akasema. "Na alikuwa anasikia baridi."

Nilikuja nikiwa mkosaji na yeye mkosewa, nikiwa na hotuba mkononi, na sasa sikujua tena nani aliketi wapi. Nikauliza kitu cha kwanza kilichonijia, kwa sababu ndicho tulichozoea kuulizana.

"Kwa hiyo Jivu huiwezi."

"Jivu ni ya urongo. Unaingia kwa nyumba ya mtu, unapata mifupa imelala vizuri, imekumbatiana, ni kama wamekupea ruhusa. Hakuna mtu anakuangalia. Ni dunia ya mtu ambaye hajawahi kuingia nyumba kama hiyo." Akachukua tena wembe. "Lakini Kisima pia inanishinda, Kip. Kule wote wanakuangalia, na huwezi rudisha kitu. Nilijaribu. Nilichukua ndoo, nikarudisha kesho yake. Yule mama bado alikataa kunisalimia."

"Sasa gani ni bora?"

"Sijui! Kwani mimi ndiye nilitengeneza dunia?" Kisha, baada ya kumaliza upande wa kulia, akasema, "Nataka kuona hiyo kabati."

Jumapili iliyofuata tulikwenda Ziwa moja kwa moja kutoka kanisani, yeye akiwa na koti lake zuri. Nilikuwa nimempigia mama simu kumwambia naja na rafiki yangu kinyozi. Nilisahau, au pengine sikusahau, kumwambia jina lake, ambalo lingemwonyesha kabila lake. Mama alitutokea uani akipangusa mikono.

"Karibu. Unaitwa nani?" akamuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Naitwa Thuo, Mama. Shikamoo."

Mama hakuitikia. Alimtazama usoni, akatazama koti, akatazama viatu, akarudi usoni. Kisha akageuka akaingia ndani. Tulipomfuata tulimkuta ameshatandika kitambaa cheupe mezani na anafungua vioo vya kabati. Akatoa vyombo kimoja kimoja, akavipanga mbele ya Thuo.

"Nilijua utakuja," akasema. "Ulikuwa mdogo hivi. Hesabu. Sahani ni sita. Vikombe ni vitano, cha sita kilikuja kimevunjika, si mimi nilivunja. Hakuna mtu amekula na hizi. Hata mtoto hajakula. Hesabu, kijana yangu."

"Mama," nikaanza, "huyu si—"

Thuo akanishika kiwiko, kwa nguvu. Nilimtazama. Uso wake haukuwa wa mtu anayejua anachofanya. Ulikuwa wa mtu aliyesimama mlangoni.

Kisha akaanza kuhesabu. Alihesabu kwa sauti, akiinua kila sahani, akiigeuza kuitazama chini, akiiweka upande wa pili. Sita. Akahesabu vikombe. Vitano.

"Ziko sawa, Mama," akasema. "Asante kwa kututunzia."

Mama akakaa. Sijui nieleze vipi jinsi alivyokaa. Alikaa kama mtu aliyesimama tangu mwaka wa 2008. Akalia, mama yangu, ambaye kwenye mazishi ya baba ndiye aliyekuwa akitukataza kulia. Akaushika mkono wa Thuo kwa mikono yote miwili.

"Mama yako alikasirika sana na sisi?"

Hapo nilidhani Thuo atakiri yote. Lakini alijibu bila kusita, na ninaamini alikuwa akisema kweli kumhusu mama yake mwenyewe.

"Hakukuwa na hasira, Mama. Alikuwa amechoka tu."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilikunywa chai kwenye kikombe chenye maua ya buluu. Mama alilazimisha. Alisema sasa mwenyewe yupo, anaweza kutukaribisha. Nilikunywa nikihisi naiba, na nikihisi ningemuua kwa huzuni kama ningekataa, na chai ilikuwa tamu.

Mama alikataa tuondoke bila kabati, na jirani yetu Kiprotich akatukopesha pikapu. Niliendesha polepole na lile kabati nyuma kwenye barabara ya vumbi, Thuo akilishikilia kwa mkono mmoja kupitia dirisha la nyuma, sahani zikiwa zimefungwa kwa magazeti miguuni pake.

"Umedanganya mamangu," nikamwambia tulipofika lami.

"Eeh."

"Hiyo kabati si yenu."

"Najua. Si nilikuambia hatukuwa na kitu."

"Na umeichukua."

"Nimeichukua." Akaanza kucheka, kicheko kikakatika. "Aliniangalia machoni akanipea, Kip. Sasa ni kuchukua ama si kuchukua?"

Nimefundisha watoto miaka tisa, na kwa swali hilo ningejipa sifuri.

Sasa kabati liko kwenye chumba cha kunyolea, kando ya televisheni, na linaziba nusu ya kiti cha kungojea. Wateja wanalalamika. Video hatujaitoa, na wafuasi wametuchoka, tumebaki elfu moja na mia sita. Thuo hachezi siku hizi. Kila mteja wa kutoka upande wa Ziwa akishafungwa kitambaa shingoni, anaulizwa kama anamjua mtu anayeitwa Waiyego, ambaye mama yake aliuza mboga barabarani zamani. Wiki tatu nzima jibu lilikuwa hapana. Kisha mzee mmoja akasema huyo Waiyego ana duka la nafaka huko Nakuru, na mama yake angali hai, akatoa namba. Thuo aliiandika pembeni mwa kioo kwa kalamu ya rangi. Ilikaa hapo siku kumi na moja. Kila nilipoitaja, alipata mtu wa kunyoa.

Jana mama alinipigia simu nikiwa pale. Nikaweka sauti ya nje kwa sababu mikono yangu ilikuwa na mafuta ya chapati. Aliongea Kiswahili kwa makusudi, akijua Thuo anasikia. Alisema analala vizuri siku hizi. Halafu akauliza, "Na mama yake, alisema nini alipoona sahani zake?"

Nikamtazama Thuo. Alikuwa na mteja kitini, mashine ikilia mkononi. Akaizima. Mteja akageuza kichwa kuona kuna nini.

"Mwambie bado hajaziona," Thuo akasema. "Mwambie nampelekea Jumamosi."

Nikamwambia mama hivyo. Akashukuru, akakata. Thuo akajipangusa vidole, akatoa simu yake, akaanza kubonyeza ile namba akiisoma kutoka kwenye kioo, tarakimu moja moja. Iliita mara nne. Mwanamke akapokea, sauti ya mtu mzima, akauliza anaongea na nani. Thuo akaniangalia kana kwamba mimi ndiye ninayejua yeye ni nani.